Lamu Si Mahali pa Kujificha

Mwezi wa pili mpwa wangu alinipigia simu kutoka Nairobi karibu saa tano usiku, wakati ambao hapa Langoni, mtaani kwetu Lamu, watu wa baraza wameshaanza kuagana. Hata shikamoo aliimeza nusu. "Mjomba, nimechoka. Nataka nihamie Amu." Amu ndivyo tuiitavyo Lamu. Nikamuuliza amechoshwa na nini. Akanitajia foleni ya magari, kodi, jirani wa ghorofa ya juu anayeburura viti usiku wa manane, na mkubwa wake wa kazi ambaye sasa amemruhusu akae popote apendapo, ilimradi kompyuta yake iwe imewashwa saa mbili na nusu asubuhi. Kisha akamalizia hivi: "Nataka mahali ambapo hakuna mtu wa kuniingilia mambo yangu."

Nilicheka, naye akakasirika. "Mahali hapo papo," nikamwambia, "ila umekosea njia."

Si wa kwanza kunipigia simu ya namna hiyo. Tangu Aprili 2020, serikali ilipofunga njia za kuingia na kutoka Nairobi kwa sababu ya korona, wengi wenye kazi za kompyuta waligundua kwamba ofisi inaingia kwenye mkoba. Kilifi, Watamu na Diani zikapata wahamiaji wao, na wachache wakavuka maji hadi kwetu. Wote huja na maswali yale yale. Intaneti ikoje? Nyumba bei gani? Usalama je? Ni maswali ya haki na nitayagusa, lakini naona yanaanzia mkiani. La kichwani ni hili: uko tayari kujulikana? Huu utulivu unaowavuta umetokana na watu kujuana miaka na miaka, na anayeutaka bila yeye mwenyewe kujulikana ni kama anayetaka wali wa nazi lakini mbuzi ya kukunia haitaki ndani.

Kwanza tuondoe uongo mmoja: Amu hapana kimya. Adhana ya alfajiri hutoka misikiti mingi kwa pamoja, kila mmoja ukimfuata mwenzake kwa pumzi moja nyuma. Punda hulia saa tisa usiku bila sababu yoyote ninayoijua. Paka hupigana juu ya mapaa ya makuti. Ukiingia Mfungo Sita, Maulidi ya Riyadha huujaza mji wageni, na matari hupigwa hadi usiku mkubwa. Pikipiki nazo zimefika, na wanaozipenda na wanaozichukia hawajamaliza ugomvi wao. Kinachokosekana ni lori na matatu, maana vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba kiasi kwamba pengine punda wawili wenye mizigo hawapishani. Sikio la mtu wa Nairobi likikosa injini, husema hapa pana kimya.

Zitazame nyumba zenyewe. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji wa kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, na watalii husimama kuipiga picha milango ya nakshi. Mimi navipenda zaidi vitu viwili ambavyo kamera huvipita. Kimoja ni daka, ule ukumbi mdogo mbele ya mlango wenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni huishia hapo, na akivuka amevuka kwa idhini. Kingine ni wikio, chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, ili wanawake wa ukoo mmoja watembeleane bila kushuka njiani. Waliojenga hivi waliijua faragha, pengine kuliko wachoraji wa ghorofa za Kilimani, Nairobi. Ila faragha yao ilikuwa na mpaka ulio wazi: nyuma ya mlango ni kwako, mbele ya mlango ni kwetu sote. Kwenye ghorofa mambo yamepinduka. Ngazini hakuna anayekujua jina, lakini kitandani unamsikia jirani akikohoa. Mpwa wangu alikuja akitaka uso wake uwe siri hata kichochoroni, jambo ambalo Amu hata liwali hakupewa.

Alikuja Machi, kwa wiki tatu. Nikamtafutia chumba kwa rafiki yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, nikitaka aonje mwenyewe. Siku ya nne akaja amenuna. Kwenye pembe ya kichochoro chetu kuna mama anayekaanga mahamri tangu alfajiri, na asubuhi hiyo alimwambia, macho yake yakiwa bado kwenye karai, "Leo umechelewa kuamka. Taa yako imewaka hadi saa nane. Mama yako naye alikuwa halali mapema." Kisha akamfungia mahamri manne ilhali alilipia matatu, eti kwa sababu jana hakula.

"Mjomba, anajuaje kama jana sikula?"

"Anajua kwa sababu chakula unanunua kwake."

Akanitazama kama niliyemwambia kuna kamera ukutani.

Sasa nieleze jambo la Juni, mwaka juzi. Mzee wa nyumba ya pili kutoka kwangu alibanwa na kifua saa saba usiku. Mkewe hakupiga simu. Aligonga ukuta, maana ukuta wao na wa jirani ni mmoja, akagonga kwa mchi wa kinu. Nilipotoka na tochi, vijana watano au sita walikuwa wameshamteremsha ngazi akiwa amekalishwa kwenye kiti cha mbao, wawili mbele, wawili nyuma, mmoja akimshika kichwa kisiangukie upande. Gari halifiki mlangoni katika mji huu, mgonjwa hubebwa. Hospitali ya King Fahd iko hapa hapa kisiwani, na huko walimtuliza, lakini ikaamuliwa afikishwe Mombasa. Kumfikisha Mombasa maana yake ni kuvuka maji hadi Mokowe na kushika barabara, au kungoja ndege ya Manda kukicha. Ndugu zake wakasema hawangoji.

Kusi ilikuwa inavuma na maji yamekupwa, boti haisogei vizuri kwenye ngazi za gati. Nahodha aliyekuja kuamshwa hakutaja bei. Aliingia majini hadi kiunoni akaishika boti kwa bega isijigonge kwenye mawe, huku mzee akipokezwa mkono kwa mkono. Nakumbuka mtu aliyemfunga mzee shuka miguuni kwa sababu rasharasha zilikuwa zinamrukia, wala sijui hadi leo alikuwa nani. Mzee yu hai. Bado ananishinda bao.

Mweke mgeni mahali pa yule mzee. Naamini angebebwa vile vile, watu wa hapa si mawe. Lakini nani angejua kwamba anaumwa? Ukuta gani angegonga, na anayelala upande wa pili angekuelewa kugonga huko kuwa ni maradhi au angedhani anapigilia msumari? Watu wanaopima mji kwa kuuliza kama una hospitali wameuliza nusu. Nusu ya pili ni njia ya kutoka kitandani mwako hadi hospitali, na hapa njia hiyo imetengenezwa kwa mabega ya watu wanaokujua.

Maji vivyo hivyo. Maji matamu ya Amu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga huinywa mvua na kuihifadhi, visima huivuta, na ukivuta kupita kiasi, au ukijenga nyumba juu ya mchanga huo huo unaokunywesha, chumvi ya bahari hupenya. Ndiyo maana kila jumba linaloota kule vilimani huzua maneno huku mjini. Mfereji una siku zake. Nyumba ya kale ina birika la kuwekea maji, na ndani ya birika hufugwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Mpwa wangu aliwadhania ni mapambo, nikamkuta anawarushia makombo ya mkate. Mfereji ukikauka siku nyingi, maji hutoka kwa mwenye kisima, naye ndoo ya kwanza humpa yeyote. Ndoo ya kumi ndiyo yenye mtihani.

Fundi wa kuziba paa, mwenye punda wa kupandisha mifuko ya saruji, duka la kukopa unga hadi mwisho wa mwezi: kote huko karatasi ya makubaliano haina nguvu kama kujulikana wewe ni nani na ulimlipaje aliyetangulia. Nimewahi kumwona mgeni mmoja akimtumia fundi ujumbe wa simu wenye vifungu saba vya masharti. Fundi aliusoma, akauonyesha baraza nzima, kisha akaenda kuvua.

Hilo la intaneti halina maneno mengi. Mjini simu hushika vizuri, na tangu Julai 2023 Starlink, intaneti ya setilaiti, iliingia Kenya, kwa hiyo mwenye pesa hana kisingizio. Stima hukatika. Nunua betri.

Kujulikana nako kuna gharama yake, na hapa ndipo nawaona wengi wakivunjika moyo mwaka wa pili. Mtu akifa kichochoroni kwenu, unatarajiwa ufuate jeneza, na ukikaa ndani kwa kuwa una mkutano wa kompyuta, hutasemwa mbele yako lakini utakuwa umeandikwa. Harusi ina mchango wake, na paa la madrasa nalo lina wake. Kijana wa jirani amefaulu, ada imepungua kidogo. Tena wewe ndiye mtu mwenye mshahara usiotegemea upepo, wala mtalii, wala amri ya serikali, na jambo hilo watalijua kabla hujamaliza kupanga vyombo.

Naomba mgeni alielewe vizuri jambo hilo kabla hajalalamika kwamba watu wa hapa huombaomba. Mwaka 2011, baada ya wageni kutekwa Kiwayu mwezi Septemba na Manda mwezi Oktoba, watalii walikatika kama maji ya mfereji, na waliolala njaa si waliotekwa peke yao. Juni 2014 Mpeketoni, mji wa upande wa bara wa kaunti hii, ilishambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa, ikafuata amri ya kutotoka nje usiku. Wavuvi walikatazwa kuvua usiku kwa muda mrefu, na muulize mvuvi yeyote wa Amu usiku una maana gani kwake. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti nchi nzima, na wakataji wa mikoko wa Lamu, ambao boriti zao ndizo zilizobeba dari za mji huu, wakakaa bila kazi hadi waliporuhusiwa tena mwaka uliofuata. Kila mara uamuzi ulifanyika mbali, na makali yake yakaangukia vichochoro hivi. Watu walivuka kwa kukopeshana. Anayehamia leo anakuta daftari la madeni limeshajaa, na anaombwa aweke jina lake.

Kuhusu usalama sitaki kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mashambulizi mengi yametokea bara, si kisiwani: vijiji vya huko vilipigwa tena Januari 2022 na Juni 2023. Barabara ya Garsen hadi Mokowe sasa ina lami, na si ile ya zamani ambayo basi lilikwama matopeni siku mbili, lakini kwa miaka mingi mabasi yalipita kwa kusindikizwa na polisi, na mtu mwenye busara huuliza hali ya njia kabla ya kukata tiketi. Mimi hulala na dirisha wazi. Dada yangu wa Nairobi hanielewi.

Jambo la mgeni kutazamwa nalo lina historia. Ukishuka gatini na mabegi mawili, utaulizwa, "Wewe ni wa nani?" Mpwa wangu, ambaye mama yake amezaliwa hapa Makafuni, aliulizwa hivyo mara nne siku ya kwanza, akaona ni ubaguzi. Nikamkumbusha kwamba hapa ardhi ndiyo kidonda. Serikali iliwapa watu kutoka nje ya Pwani mashamba Mpeketoni tangu miaka ya 1970, wakati wenyeji wengi wa visiwani hawana hati hata ya kiwanja walichozikia babu zao. Julai 2014 Rais aliamuru zifutwe hati za kampuni 22 zilizokuwa zimejipatia karibu ekari 500,000 za kaunti hii. Mtu aliyeona mambo hayo haulizi "wewe ni wa nani" kwa ushamba. Anataka kujua umekuja kukaa au umekuja kupima.

Na nyumba? Usinunue. Nalisema hili bila kupepesa macho, angalau kwa mwaka wa kwanza. Nyumba nyingi za Mkomani zina warithi tisa, mmoja Muscat, wawili Mombasa, mmoja hajulikani aliko, na anayekuuzia ana fungu lake moja tu. Nyingine ni wakfu na haziuziki kabisa, hata kama anayekuonyesha ameshika ufunguo. Wanaokwama huishia Mahakama ya Kadhi wakiwa wameshalipa. Kama wewe si raia, Katiba ya 2010 inakuruhusu kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, na yeyote anayekwambia kuna njia ya pembeni atakuwa mshirika wako hadi siku ya kesi.

Kukodi basi. Mpwa wangu alitajiwa kodi ambayo ni karibu mara tatu ya ile anayolipa mwalimu ninayemfahamu kwa nyumba ya ukubwa huo. Kwake ilikuwa rahisi kupita Nairobi, akataka kukubali papo hapo. Nikamwomba apige hesabu upande wa pili: mwenye nyumba akishapata mpangaji wa bei hiyo, yule mwalimu ataambiwa nini mwezi wa kwanza? Shela imeshapita njia hii. Familia ziliuza au zikakodisha, zikahamia pembezoni, na sasa kuna njia za Shela ambazo ukipita mwezi wa tano milango yote imefungwa, wenyewe wako Ulaya, na ukigonga ukuta anayesikia ni mlinzi. Pametulia kweli kweli pale. Wala mimi si mtakatifu katika hili. Chumba changu cha juu kimewahi kumlaza mgeni kwa bei ambayo jirani yangu hawezi, nikajiambia ni mwezi mmoja tu. Ikawa mitano.

Wanaokuja kupima mji huja kati ya Desemba na Machi, na hapo Amu huwa inadanganya. Kaskazi inavuma kiungwana, bahari imetanda kama sinia, samaki tele, jioni unapanda jahazi. Ngoja Aprili. Masika inaingia, kusi inafuata na kukaa miezi, vyombo vidogo vinabaki ndani ya mlango wa bahari au havitoki kabisa, na samaki aliyekuwa bei ya mboga anakuwa bei ya nyama. Ukuta wa mawe ya matumbawe hutoa jasho la chumvi, chokaa inabambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na viatu vya ngozi ulivyovisahau chini ya kitanda huota ukungu wa kijani. Baadhi ya hoteli hufunga. Kama Ramadhani imeangukia hapo, mchana hupati hata chai ya rangi mjini, halafu usiku mji mzima uko nje na wewe una kazi saa mbili na nusu. Nilimwambia asisaini chochote hadi arudi Juni.

Halafu kuna bandari. Machi 2012 viongozi watatu, Rais Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walikuja kuweka jiwe la msingi la LAPSSET, mradi wa bandari na njia za kuziunganisha nchi hizo tatu, na Mei 2021 gati ya kwanza ikapokea meli upande wa Kililana. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi karibu 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa kuharibiwa maeneo yao ya uvuvi. Mwaka uliofuata, Juni 2019, Baraza la Rufaa la Mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Kwasasi, baada ya watu wa hapa kupiga kelele miaka. Bandari yenyewe mpaka sasa haijawa Mombasa ya pili, na wako wanaosema haitakuwa. Lakini anayehamia Lamu kwa sababu imetulia aelewe kwamba utulivu huo umekuwa ukipiganiwa mahakamani na watu wenye ndala miguuni, na kwamba haupigwi muhuri wa milele. Ukija kuula tu bila kuulinda, wataliona.

Kwa wale wanaotaka mji wenye bahari na pumzi kidogo lakini wasiulizwe wao ni wa nani, ninawaelekeza Malindi bila kinyongo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 119,859 katika mji wa Malindi, na watu 143,920 katika kaunti nzima ya Lamu, visiwa na bara yake yote. Tofauti hiyo unaikuta mlangoni. Malindi unaweza kupanga nyumba miaka mitano, jirani akakujua kama "yule wa gari jeupe". Tuktuk inakufikisha hospitali usiku bila kumwamsha mtu. Mombasa ni kama kilomita 120 za lami. Pizza wanaipika vizuri, maana Waitaliano wamekaa pale vizazi, na muuza mboga anaweza kukujumlishia hesabu kwa Kiitaliano. Ina shida zake: uchumi wake hushuka na kupanda na msimu wa watalii, majumba ya kitalii yaliyofungwa yanaota nyasi, na mto Sabaki ukijaa huleta udongo wa bara hadi bahari ikawa rangi ya chai ya maziwa. Lakini ni mji unaomwacha mtu peke yake akitaka. Nina rafiki aliyehamia huko baada ya kushindwa na Amu, na kila tukionana ananiuliza habari za watu wa kichochoroni mmoja mmoja kwa majina, kisha anasema hakosi kitu.

Mpwa wangu alirudi mwishoni mwa Juni. Boti aliyopanda Mokowe ililowesha mkoba wake wa kompyuta, akafika amekasirika na maji, na mimi, na upepo. Wiki ya pili akashikwa na homa. Hakumwambia mtu. Alifunga mlango akalala, na simu yake ikazimika chaji. Siku ya pili adhuhuri mtoto wa kike wa miaka kama minane akabisha hodi akiwa na kibakuli kilichofunikwa sahani: uji wa mtama na ndimu mbili. Mama wa mahamri alikuwa ameona siku mbili hakupita. Mtoto hakuondoka hadi alipokiona kibakuli kitupu, kwa sababu aliagizwa arudi nacho.

Aliponisimulia alikuwa bado mnyonge, amejifunga shuka kama mzee. Nikamuuliza sasa anaonaje. Akasema alifurahi hadi machozi yakamtoka, na kwa wakati huo huo alitamani mtoto yule aende zake. Sikumwona mjinga. Nimekaa hapa miaka yangu yote na zipo siku nami natamani kupita kichochoro kimoja bila kusalimia mtu, nikazunguka kwa nyuma, njia ya Pangani, nikakutana na wengine.

Amelipa kodi ya miezi mitatu. Mwenye nyumba alitaka mwaka, wakavutana, wakaelewana karibu na bei ya yule mwalimu baada ya mimi kutia mdomo. Anafanya kazi yake, jioni anakuja barazani dakika kumi, anasikiliza zaidi ya anavyosema. Mlango wake bado anautia komeo mchana kutwa. Mama wa mahamri ameshaniuliza mara mbili kijana wangu anaficha nini mle ndani.